Kahawa "kali" ni kali ya nini?

Kila asubuhi kabla ya saa moja kuna mzee mmoja huku Kibuli, Kampala, anapita kwenye steji za boda na chupa mbili kubwa za chai, mkono wa pili amebeba ndoo ndogo yenye vikombe, na anauliza swali moja tu, "kali ama ya kawaida?" Mimi kwa miezi mingi nilikuwa najibu kali, nalipa, nakunywa, najiona mtu wa kahawa. Siku moja nikamuuliza, Hajji, hii kali unaweka vijiko vingapi vya kahawa? Akanitazama kama mtoto. "Kahawa ni ile ile moja, nimepika sufuria moja. Kali ni tangawizi."

Basi nikabaki nacheka peke yangu, lakini hiyo kitu haikunitoka kichwani, kwa sababu hili neno kali kwa Kiswahili linabeba mizigo mingi mno. Pilipili ni kali, ndimu ni kali, jua ni kali, chai ya rangi ikikaa sana ni kali, na mbwa wa jirani naye mkali. Sasa watu wengi hapa mjini wameanza kujipikia kahawa nyumbani, wananunua kahawa ya Mbale au ya Kasese iliyosagwa vizuri, wananunua na vile vifaa, halafu wananiandikia usiku, "hii kahawa yangu ni kali sana, nipunguze nini?" Na mimi siwezi kujibu mpaka nijue ni kali ipi. Kuna kali ya uchungu, kuna kali ya uchachu ile ya ndimu, kuna kali ya uzito mdomoni, na kuna kali ya kafeini ile inayokukesha ukihesabu mabati mpaka saa nane. Ni vitu vinne tofauti, kila kimoja kina chanzo chake, na dawa ya kimoja mara nyingi ndiyo inaharibu kingine.

Tuanze na kinachotokea ndani ya maji. Punje ya kahawa iliyokaangwa, kama asilimia 30 hivi ya uzito wake ndiyo inaweza kuyeyuka, iliyobaki ni kama kuni tu, huwezi kuipata hata upike mpaka kesho. Na katika hiyo 30 huitaki yote, wanaoipima wanasema kikombe kizuri kinapatikana ukichota kama 18 mpaka 22. Kwa nini usichukue yote? Kwa sababu havitoki kwa pamoja. Asidi zinatoka mwanzo, haraka sana, halafu utamu unafuata, halafu nyuma kabisa ndio unakuja uchungu mzito na kile kitu kinachokausha ulimi. Ni kama muwa, ukiendelea kuutafuna baada ya maji kuisha unabaki unanyonya makapi, na makapi nayo yana ladha yake, sema hakuna mtu aliyeinunulia muwa.

Kwa hiyo kahawa ikiwa chachu kama ndimu, mara nyingi maana yake umechota kidogo, maji hayakuwa na moto wa kutosha, au umesaga mikubwa mikubwa, au umechuja haraka. Ikiwa chungu ya kukunja uso, umechota kupita kiasi. Hapo bado sijagusa uzito. Uzito ni hesabu ya kahawa kwa maji, basi.

Na hapa ndipo watu wanapotea. Mtu anapika kahawa inakuwa chungu, anasema aa, nimeweka nyingi, kesho yake anapunguza kahawa lakini maji ni yale yale na moto ule ule na dakika zile zile. Inatoka nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe na uchungu bado upo, wakati mwingine umezidi! Kwa nini? Kwa sababu maji mengi yamekutana na unga kidogo, yameunyonya mpaka makapi. Ile kahawa unayopewa kwenye mikutano na semina, iliyokaa kwenye lile pipa la chuma tangu asubuhi, ndiyo hiyo, nyepesi na chungu kwa wakati mmoja, na ukiinywa unaapa kwamba kahawa siyo kitu chako. Dawa yake mara nyingi ni kinyume cha unavyofikiri, ongeza kahawa, punguza muda.

Kiasi chenyewe ni rahisi kushika, gramu 60 kwa lita moja ya maji. Kikombe cha mililita 250 ni gramu 15, ambayo ni kama vijiko vitatu vya chakula. Vitatu, ndugu yangu! Wengi wetu tunaweka kijiko kimoja cha chai kwa sababu tumelelewa na kahawa ya kopo ile ya kuyeyuka yenyewe, ambayo hiyo ilishapikwa kiwandani ikakaushwa, unaongeza maji tu. Kahawa ya kusagwa siyo hiyo. Ukiipima kama ya kopo utapata maji yenye rangi, halafu utaongeza moto kutafuta ladha, na utapata uchungu. Mzani mdogo wa jikoni unasaidia kuliko kifaa kingine chochote, mimi nilinunua kwanza ile birika ya shingo ndefu kwa sababu inapendeza kwenye picha, mzani nikaja kununua mwaka uliofuata, na huo mwaka mzima nilikuwa nabahatisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Nilikuwa nafuata video za watu wa Ulaya na Marekani, wanasema chemsha maji, halafu ngoja kama dakika moja au mbili yapoe kidogo, kwa sababu maji ya nyuzi 100 yanaunguza kahawa, yanatakiwa kati ya 90 na 96. Nikawa naheshimu, naweka birika chini, naangalia saa ya simu, ndipo namimina. Kahawa nzuri kabisa ya Mlima Elgon, kila siku inatoka chachu, imelala. Nikalaumu muuzaji, nikalaumu maji ya bomba, nikanunua pakiti nyingine, ile ile. Kumbe Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari! Hapa maji hayafiki 100 hata uyalazimishe, yanachemka karibu na 96. Mtu wa Mombasa akichemsha anapata 100, sisi tunapata 96, na watu wa Kabale huko juu zaidi ya mita 1,800 wanapata karibu 94. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nangoja yapoe nilikuwa nashuka mpaka chini ya 90, halafu namimina kwenye kikombe cha baridi, nyuzi nyingine zinapotea hapo, na kahawa inapikwa na maji ya uvuguvugu. Siku nilipoacha kungoja, yakichemka tu namimina, uchachu ukaondoka na utamu ukaja. Yule wa kwenye video hakukosea, yeye yuko karibu na usawa wa bahari.

Kuna ubaguzi mmoja, kahawa iliyokaangwa sana mpaka nyeusi inayong'aa mafuta, hiyo inatoa uchungu haraka, kwa hiyo yenyewe kuingoja dakika mbili tatu ni sawa hata hapa Kampala.

Kusaga nako. Kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo maji yanavyochota haraka. Kwa kuchuja kwenye karatasi unataka kama chumvi ya kawaida ya mezani au kubwa kidogo, kwa ile jagi ya kioo yenye chujio la kusukuma chini unataka mikubwa zaidi na dakika nne, kwa espreso ni laini kabisa kwa sababu mashine inasukuma maji kwa nguvu nyingi na yanapita ndani ya kama nusu dakika. Tatizo la zile mashine za kisu kinachozunguka, kama za kusagia matunda, ni kwamba zinatoa vumbi na vipande pamoja, vumbi linatoa uchungu, vipande vinatoa uchachu, na wewe kwenye kikombe unapata vyote viwili halafu hujui umrekebishe nani. Kinu na mchi, nakwambia kweli, ukitwanga taratibu na kuchekecha kwenye kichujio cha chai, ni afadhali. Usije tu ukafanya nilichofanya mimi, nilipeleka kilo moja kwenye mashine ya sokoni inayosaga binyebwa. Nilikunywa kahawa ya karanga wiki tatu.

Na kama kahawa ni mpya, imekaangwa siku chache zilizopita, ukimimina maji ya kwanza kidogo inavimba na kutoa povu. Hiyo ni gesi inayotoka, ile ya kaboni iliyobaki ndani wakati wa kukaanga, na wakati inatoka inasukuma maji yasiingie. Ndiyo maana wanasema lowesha kwanza kwa maji kama mara mbili ya uzito wa kahawa, ngoja nusu dakika, ndipo umimine yaliyobaki. Isipovimba hata kidogo ujue hiyo pakiti imekaa sana dukani.

Haya, kafeini. Hii ndiyo kali ambayo ulimi hauioni vizuri, na hapa Uganda ni muhimu kuliko kwingine kwa sababu ya aina ya kahawa tunayolima. Kahawa yetu nyingi, kama asilimia 80, ni robasta, na robasta siyo mgeni aliyeletwa, ni mti wa hapa hapa, ulikuwa unaota misituni pembeni ya Ziwa Nyanza kabla hata mkoloni hajafika. Baganda walikuwa wanachemsha zile punje na majani ya kunukia, wanazikausha, mgeni akija anapewa za kutafuna. Na kwenye omukago, ule udugu wa kuchanjiana damu, wawili wanagawana punje mbili za tunda moja, kila mtu anapaka damu yake na mwenzake anaitafuna, kwa sababu zimelala ndani ya ganda moja kama ndugu. Kwa hiyo anayesema Waganda hawana utamaduni wa kahawa, mwambie walikuwa nao, ila walikuwa wanaitafuna. Arabika ndiyo ya Elgon, Rwenzori na baadhi ya milima mingine, huko juu kwenye baridi.

Robasta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, asilimia 2 na kidogo dhidi ya 1.2 au 1.5 hivi. Piga hesabu ya zile gramu 15. Arabika inakupa kama miligramu 180 hivi, robasta tupu inavuka 300. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya mwaka 2015 walisema mtu mzima mwenye afya asipite 400 kwa siku, na mama mjamzito 200. Maana yake ukinywa kikombe kimoja kikubwa cha robasta nzito asubuhi umeshakaribia kumaliza posho yako ya siku nzima, na mjamzito ameshapita kwa kikombe kimoja. Halafu saa kumi ofisini unaongeza cha pili, usiku unasema shinikizo la kazi linakukosesha usingizi.

Na usipime kafeini kwa uchungu, hapo watu wanadanganyika sana. Kafeini yenyewe ni chungu kweli, lakini katika uchungu wote wa kikombe mchango wake ni mdogo, sehemu kubwa inatoka kwa vitu vinavyotengenezwa na moto wakati wa kukaanga. Ndiyo maana hata kahawa iliyotolewa kafeini bado ni chungu. Kahawa nyeusi tii ya moshi haina kafeini zaidi ya ile ya kahawia, karibu ni sawa. Espreso moja ile ndogo inayotisha ina kafeini kidogo kuliko kikombe kikubwa cha kuchuja, kwa sababu ni mililita 30 tu. Na kuchemsha muda mrefu jikoni hakukuongezei macho, kafeini inatoka mapema sana, unachoongeza hapo mwisho ni uchungu peke yake. Mtu anayeichemsha robo saa ili "aamke vizuri" anajitesa ulimi bure.

Sasa mbona robasta ina sifa mbaya? Sehemu ni haki yake, ina sukari kidogo na mafuta kidogo kuliko arabika, kwa hiyo uchungu hauna wa kuutuliza. Lakini sehemu kubwa, na hapa nitasema wazi, siyo kosa la mti, ni sisi. Kahawa inavunwa kwa kukwanyua tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, mara nyingi kwa sababu wezi wakiingia usiku hawachagui na mkulima anaona bora avune yeye kwanza. Halafu inaanikwa chini kwenye udongo mtupu, mvua inakuja, inakusanywa, inaanikwa tena. Hiyo ndiyo kiboko, kahawa kavu yenye ganda lake, inayoingia gunia, wanaikoboa inakuwa kase, yaani punje tupu, na wewe unakuja kuinywa unasikia harufu ya udongo na ule ukakasi wa kukamata mashavu kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Huo ukakasi nao watu wanauita "kali", nao hauna dawa jikoni, hakuna maji wala mzani utakaouondoa. Robasta iliyochumwa nyekundu tupu ikaanikwa juu ya turubai au meza ya wavu ni kitu kingine kabisa, ina ladha ya karanga na kakao, ni nzito, inabeba maziwa vizuri kuliko arabika yoyote, na Waitaliano wanaichanganya kwenye espreso zao tangu zamani kwa sababu ya lile povu zito la juu. Mimi siku hizi nachanganya mwenyewe, arabika ya Elgon gramu 11, robasta safi 4, na wageni hawajui mpaka niwaambie.

Inauma kidogo kwamba msimu wa 2023/24 tulisafirisha nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, dola zaidi ya bilioni moja, halafu ukiingia hoteli ya kawaida ukaomba kahawa unaletewa maji ya moto na kikopo. Chai ndiyo tunaijua, chai ya maziwa au chai mukalu ile isiyo na maziwa, basi.

Ila kuna watu wamekuwa wakiipika siku zote bila mzani wala video. Mama yangu mdogo yuko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kahawa yake inatoka kwa ndugu zake huko juu Kyarumba. Anakaanga mwenyewe kwenye kikaango cha udongo juu ya sigiri, lile jiko la mkaa, anageuza na mwiko bila kupumzika. Mwanzo inanuka majani mabichi, halafu inanuka kama mkate, halafu punje zinaanza kulia, pa, pa, kama bisi zisizoruka. Watu wa mashine wanautegea huo mlio na vipimajoto, kwao kahawa nyingi nzuri inatolewa muda mfupi baada yake. Mama mdogo yeye hatoi. Anangoja mlio wa pili, ule mwembamba kama karatasi inayokunjwa, moshi unajaa jikoni, ndipo anamwaga kwenye ungo na kupeta. Anatwanga, anaichemsha na tangawizi mpaka sufuria inapungua, maziwa nusu, sukari bila huruma. Kwa hesabu zote nilizoandika hapo juu hiyo kahawa ilitakiwa isinyweke. Inanyweka, na sababu ipo, protini ya maziwa inayashika yale yanayokausha ulimi kabla hayajakufikia, sukari inafunika uchungu, na tangawizi inakupa kali ya aina nyingine ya kushughulika nayo. Ameijenga kahawa yake kwa ajili ya maziwa tangu kwenye kikaango.

Desemba iliyopita nikaenda na vifaa vyangu vyote. Nikaomba punje za Kyarumba zile zile, nikazikaanga nikatoa baada ya mlio wa kwanza, nikangoja siku tatu, nikapima gramu 15, nikalowesha, nikamimina kwa duara taratibu, watoto wamenizunguka kama naroga. Ikatoka ya rangi ya chai, safi, ina ladha ya matunda, mimi mwenyewe nikanyamaza kidogo. Nikampa mama mdogo kikombe. Akaonja, akakunja uso, akakirudisha mezani.

"Mtoto wangu, hii kali sana. Umeweka ndimu?"

Akaichukua yote, akaimwaga kwenye sufuria yake, akaongeza tangawizi na maziwa, akairudisha motoni.